Ulyankulu Kwenye Kioo

Picha yoyote inayoonekana kwenye kioo cha kompyuta au simu ni tarakimu zilizopangwa safu kwa safu. Kazi ya kuzigeuza tarakimu hizo kuwa picha ndiyo inayoitwa grafiki za kompyuta. Jina hilo lilizuka mwaka 1960 katika kampuni ya kutengeneza ndege ya Boeing, Marekani. Mwaka 1963 Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Wengi huihusisha taaluma hii na katuni na michezo ya simu, ingawa picha ya Ulyankulu kutoka angani huifafanua vizuri zaidi.

Makazi ya Ulyankulu, kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora, yalifunguliwa mwaka 1972 katikati ya pori la miombo kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Kwa sadfa, Julai mwaka huohuo Marekani ilirusha Landsat 1, setilaiti ya kwanza ya kupiga picha za ardhi mfululizo. Setilaiti hiyo iligawa nchi kavu katika vipande vya takriban mita 80 kwa 80, ikapima mwanga uliorudi kutoka kila kipande na kuuandika kama tarakimu. Kipande kimoja ni pikseli, yaani nukta moja ya picha. Nukta hiyo ilimeza zaidi ya ekari moja na nusu: nyumba, kisima na shamba la mihogo vyote vikawa rangi moja. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupima hadi mita 10, hivyo ekari moja hupata nukta zipatazo 40.

Rangi nazo ni uamuzi wa mtu. Kioo huchanganya nyekundu, kijani na bluu, kila moja kwa viwango 256 kuanzia 0 hadi 255, na mchanganyiko huo hutoa rangi zaidi ya milioni 16. Landsat 1 haikupima bluu kabisa, ila ilipima mwanga wa infraredi ambao jicho halioni na ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Watengenezaji wa picha wakaupa mwanga huo rangi nyekundu. Ndiyo maana katika picha za aina hiyo pori lililostawi huwaka kama kaa la moto, na shamba lililofyekwa kwa ajili ya tumbaku hufifia pembeni yake.

Ramani huenda njia nyingine. Badala ya nukta, kompyuta hutunza maelekezo: barabara ni mstari unaopita sehemu fulani na fulani, zahanati ni alama mahali pake, mpaka wa kijiji ni umbo lililofungwa. Mchoro huu huitwa vekta. Ukivuta picha ya nukta karibu sana, inabaki miraba mitupu; mchoro wa vekta huchorwa upya kila mara, na mstari hubaki laini.

Mahali kwenye ramani hutajwa kwa tarakimu mbili; kuonyesha miinuko kunahitaji ya tatu, ya kimo. Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kilipima kwa rada, kwa siku 11, vimo vya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Kompyuta huunganisha vimo hivyo kwa pembetatu ndogondogo, kisha huweka jua la kubuni na kukokotoa jinsi kila pembetatu inavyolielekea: inayolikabili hung'aa, inayolipa kisogo huwa nyeusi. Kwa desturi jua hilo huwekwa juu kushoto, kwani likitokea chini jicho huona kilima kama bonde. Uwanda wa Tabora, ulio kwenye mita zipatazo 1,200, ni tambarare mno, hivyo wachoraji mara nyingi huzidisha vimo mara kadhaa ili mabonde ya mbuga yaonekane. Asiyesoma kipimo pembeni mwa ramani atadhani uwanda huo ni nchi ya milima.