Hatari Huanza Mgonjwa Anaporuhusiwa

Mtu aliyekunywa sumu ya shambani au kumeza vidonge kupita kiasi akifikishwa kasualti ya hospitali ya Macalder au Migori usiku kwa bodaboda, wahudumu hawababaiki. Dripu inatundikwa, oksijeni inafunguliwa, dawa ya kupinga sumu inatafutwa, na isipopatikana dirishani jamaa anatumwa duka la dawa. Akijaliwa kupona, baada ya siku chache ameketi anakunywa uji. Tabibu anaandika maelezo kwenye daftari la mgonjwa la kurasa 32, bili inalipwa, na familia inapanda matatu kurudi Osiri ikimshukuru Mungu kwamba hatari imepita.

Haijapita. Sumu imetoka mwilini, lakini shida iliyomsukuma, labda deni, iko palepale, usingizi hauji, na sasa kuna aibu juu ya yote hayo. Shirika la Afya Duniani hulitaja jaribio la awali kuwa kiashiria kikubwa cha kifo cha kujitoa uhai. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliotibiwa idara za dharura baada ya kujidhuru walikufa kwa kujiua, ndani ya mwaka mmoja tu, kwa kiwango kinachozidi mara 50 kile cha wakazi wengine wa jimbo hilo. Vifo vya kuzidisha dawa bila kukusudia navyo vilikuwa vingi kati yao.

Miongoni mwa waliolisoma jambo hili kwa makini ni hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Watafiti Barbara Stanley na Gregory Brown waliandaa mpango wa usalama unaoandikwa pamoja na mgonjwa kabla hajatoka kasualti. Mgonjwa mwenyewe anataja dalili za kwamba mawazo mabaya yanakuja, kwa mfano kukosa usingizi usiku wa pili mfululizo. Anataja analoweza kufanya peke yake hadi wimbi lipite, watu na mahali pa kujisahaulisha, nani wa kumwambia ukweli, na mhudumu gani wa kumpigia. Mwisho wanakubaliana kile cha hatari nyumbani kiwekwe wapi na nani ashike ufunguo. Kisha mhudumu anapiga simu ndani ya saa 72, na kuendelea kupiga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: hospitali tano zilizofanya hivyo zililinganishwa na nne zilizoendelea kama kawaida, na katika miezi sita iliyofuata majaribio na matendo mengine ya kutaka kujiua yalipungua kwa karibu nusu.

Hakuna mashine hapo. Ni karatasi na simu.

Wanajeshi wastaafu tunao hata huku Migori na Homa Bay. Kenya ilipeleka majeshi Somalia Oktoba 2011, na walioshuhudia vita wanastaafu na kurudi Nyatike, Ndhiwa na Suba, zaidi ya kilomita 300 kutoka Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi iliyoko Nairobi. Askari amefundishwa kuvumilia na kutolalamika. Maarifa hayo yalimfaa kambini, nyumbani yanaweza kumuua. Akienda kutafuta riziki kwenye machimbo ya dhahabu ya Osiri Matanda, atakutana na pesa inayokuja kwa mkupuo na chang'aa isiyo mbali. Pombe hufupisha muda kati ya wazo na tendo, na muda huo ndio tunaoupigania. Mtu akicheleweshwa kwa sababu kemikali za shamba zimefungiwa kwa jirani, wimbi linaweza kupita.

Kwa nini hatujafanya hivi miaka yote? Sababu moja ilikuwa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Nani angesema ukweli kasualti? Familia ilidai mtu alikunywa dawa kwa kudhani ni soda, tabibu akaandika ajali, na ajali haina ufuatiliaji. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aibu ya mila haifutwi na hukumu, kwa kweli. Kwa Wajaluo hata mti aliojinyongea mtu ulikatwa na kuchomwa. Ila sasa mhudumu anaweza kuuliza wazi bila kumtia mgonjwa matatani na polisi, na kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo.

Wanaoniambia kaunti hizi hazina uwezo wa kufuatilia wagonjwa huwa nawakumbusha VVU. Hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kutoa ARV bure, mwaka 2001, ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka. Leo mgonjwa wa kliniki ya VVU akikosa tarehe yake, anapigiwa simu. Asiposhika, anafuatwa hadi mlangoni. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba na simu, nao wanajua kila boma. Shirika la Afya Duniani lilijaribu ufuatiliaji wa namna hii katika nchi tano, zikiwemo India, Sri Lanka na Brazil: watu 1,867 waliojaribu kujiua, simu au ziara tisa kwa miezi 18. Kati ya waliofuatiliwa, waliokufa kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2. Wasiofuatiliwa walikuwa asilimia 2.2.

Kwa hiyo naziomba kaunti za Migori na Homa Bay zifungue rejista moja zaidi kasualti, na kumteua mtu mmoja wa kuzipiga simu hizo. Nawe mwenye mgonjwa nyumbani, usimwache peke yake wiki za mwanzo, funga kilicho hatari, na muulize moja kwa moja. Kama ni wewe unayewaza kufa, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bila malipo, au Befrienders Kenya, 0722 178 177.