Sindano ya mgongoni wakati wa uchungu: Dawa ipi inafaa?

WANAWAKE wengi wajawazito wamesikia habari za epidurali, yaani sindano ya mgongoni inayopunguza uchungu wa kuzaa. Lakini si wengi wanaofahamu kwamba dawa zinazopitishwa hapo ni zaidi ya moja, na kwamba nguvu ya dawa inaweza kubadilisha jinsi mama atakavyojifungua.

Daktari wa nusukaputi huingiza mrija mwembamba sehemu ya chini ya mgongo, nje ya utando unaozingira uti wa mgongo. Dawa hupitia humo na kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke maumivu kwenye ubongo. Mama hubaki macho.

Dawa iliyozoeleka zaidi ni bupivakaini. Bei yake ni nafuu na hufanya kazi kwa muda mrefu. Hata hivyo, ikiwa kali hulegeza miguu, na ikiingia kwenye mshipa wa damu kwa bahati mbaya inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo sababu mwaka wa 1984 Marekani ilionya isitumiwe kwa nguvu ya asilimia 0.75 kwa wanaojifungua.

Ropivakaini, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, haina hatari kubwa hivyo kwa moyo na hailegezi miguu sana, lakini ni ghali zaidi. Zote mbili zikitolewa kwa nguvu ndogo, tofauti baina yao si kubwa.

Aghalabu huongezwa fentanili kidogo, dawa ya jamii ya morfini, ili ile ya kufisha ganzi ipunguzwe. Mama anaweza kuwashwa ngozi, lakini hubaki na nguvu za kusukuma.

Faida ya mchanganyiko huu ilidhihirika Uingereza mwaka wa 2001, katika uchunguzi wa wanawake 1,054 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Waliopewa bupivakaini ya asilimia 0.25 pekee, asilimia 35 walijifungua bila kusaidiwa kwa vyombo wala upasuaji. Waliopewa mchanganyiko hafifu, idadi hiyo ilikuwa asilimia 43.

Ikumbukwe kuwa shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla, na baadhi ya akina mama huumwa vibaya na kichwa baadaye. Mwenye tatizo la damu kutoganda, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ni lazima amweleze daktari mapema.

Kwa hivyo, mama asiulize jina la dawa tu. Anapohudhuria kliniki, aulize pia itakuwa na nguvu kiasi gani, na kama daktari wa nusukaputi atakuwapo usiku na mchana. Dawa nzuri bila mtu wa kumwangalia mama si salama.