Kabla ya kuvaa kofia ya sutretan, uliza makaratasi yake

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayebaki nyumbani pamoja na watoto,

Ukurasa huu unawaambia kila mara: vaa kofia, vaa buti, funika pua na kinywa mbele ya vumbi. Leo tunaongea juu ya kinga nyingine, ambayo haigawanywi katika depo ya vyombo. Kinga hiyo ni makaratasi ya yule anayekuandika kazi.

Hapa Lubumbashi, na vilevile Likasi na Kolwezi, watu wengi wanaopita mlango wa mgodi asubuhi hawalipwi na kampuni yenye mgodi. Wanalipwa na sutretan, ndiyo kusema kampuni inayopewa kipande cha kazi: kujenga, kupasua mawe, kusomba udongo, kupika, kulinda mlango. Mwaka 2021 mashirika mawili, RAID na CAJJ, yalitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti upande wa Kolwezi. Waliona kwamba wafanyakazi 57 kwa mia walikuwa wameandikwa na masutretan. Basi jambo hili linagusa nyumba nyingi, labda na yako.

Sheria inasema nini?

Serikali haikuacha mlango wazi kwa kila mtu. Sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaonyesha nani anaweza kuwa sutretan. Kazi hiyo imewekwa kwa kampuni za Wakongo, zenye mtaji wa Wakongo na makao yake katika inchi yetu. Tena sheria inakataza kampuni kubwa kutoa kwa sutretan zaidi ya 40 kwa mia ya bei ya kandarasi. Mwaka 2018 ikaundwa ofisi ya kuchunga mambo hayo, ARSP. Sutretan anapaswa kujulikana huko.

Lakini sikia vizuri. Karatasi ya ARSP inaonyesha kwamba kampuni inajulikana na serikali. Haisemi kama ngazi zake ni nguvu, wala kama kapita wake anajua kupima gesi. Kwa hiyo karatasi hiyo moja haitoshi. Sutretan wa kweli ana makaratasi mengine pia: nambari ya RCCM, ndiyo kusema kitabu cha biashara, nambari ya kodi, na nambari ya CNSS, ile kasha ya serikali iliyochukua nafasi ya INSS ya zamani. Hii ya mwisho ndiyo inakuhusu wewe zaidi.

Kwa nini munganga anaongea juu ya makaratasi?

Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni aksida. Mtu akiumia, sisi waganga tunafunga kidonda kwanza. Damu haingoji karatasi. Lakini kiisha plasta, maulizo yanaanza. Nani atalipa siku asizotumika? Na kama mkono umekatika, nani atamsaidia mpaka uzee? Kasha ya CNSS iliundwa kwa kazi hiyo. Kwa ajili ya aksida na magonjwa ya kazi, mwenye kukuandika analipa 1,5 kwa mia ya mshahara wako, toka mfuko wake, si toka mfuko wako. Lakini kama jina lako halikuandikwa kule, bibi yako ataanza kupita ofisi kwa ofisi na mtoto mgongoni, akitafuta ushuhuda kwamba ulikuwa mtu wa kazi.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa vumbi, silikozi. Huu hauji na kelele. Vumbi la mawe linaingia katika mapafu kidogokidogo, linaacha makovu, na makovu hayo hayaponi tena. Mara nyingi mtu anaanza kukosa pumzi kiisha miaka 10 au zaidi. Sasa fikiri: kandarasi ya sutretan ni ya mwaka mmoja au miwili. Siku utakapoanza kukohoa, yeye amekwisha kufunga ofisi, na gari lake limebandikwa jina lingine. Kitu gani kitaonyesha kwamba ulipumua vumbi lake? Ni makaratasi uliyoyachunga tu.

Fanya hivi:

1. Uliza jina kamili la kampuni, si jina la kapita tu. Uliza nambari ya RCCM na kama inajulikana na ARSP. Kiisha siku chache za kazi, uliza nambari yako wewe ya CNSS. Nambari ya kampuni peke yake haionyeshi kwamba wewe umeandikwa.

2. Pimwa kabla ya kuanza. Kitabu cha sheria za kazi cha tarehe 16 Oktoba 2002 kinataka munganga ashuhudie kwamba mwili wako unaweza kazi ile. Cheti kilichotiwa muhuri bila mtu kusikiliza kifua chako hakikusaidii kitu. Kama kazi ni ya vumbi, omba picha ya mapafu. Picha ya siku ya kwanza ndiyo italinganishwa na ile ya kesho.

3. Omba kontra iliyoandikwa. Kama unaitwa siku kwa siku, hesabu siku zako katika daftari. Sheria ileile inasema: mtu akitimiza siku 22 za kazi katika miezi miwili, na akaandikwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa kudumu.

4. Ukiumia, hata kidogo, jambo liandikwe siku ileile: saa, mahali, majina ya walioona. Kidonda kisichoandikwa leo, kesho kitaitwa kidonda cha nyumbani.

5. Mama, kazi hii ni yako pia. Weka kontra, vipande vya mshahara, cheti cha munganga na picha ya mapafu ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na mvua na mchwa. Usitupe kitu hata kama kampuni imekwisha kuondoka.

Najua utasema: «Nikiuliza sana, watachukua mwingine.» Neno hilo ni la kweli, na hatulicheki. Njaa haina subira. Kwa sababu hiyo usiulize peke yako. Watu 10 wakiuliza pamoja, ni vigumu kumfukuza mmoja. Delege wa sindika anaweza kuuliza kwa jina la wote. Bibi au ndugu yako anaweza kwenda CNSS kupata habari. Na kuna wakaguzi wa serikali wa Inspection du Travail, ambao kazi yao ni kusikiliza mambo hayo. Na wewe uliyeandikwa na kampuni kubwa yenyewe, usimwache mwenzako wa sutretan kando. Mwamba ukianguka hauchagui rangi ya kofia.

Leo jioni, kabla ya kulala, fungueni sanduku la nyumbani pamoja. Tafuteni vitu vitatu: kontra, nambari ya CNSS, cheti cha munganga. Kama kimoja kinakosekana, anzeni kukiuliza kesho, wakati ungali na nguvu na unasimama kwa miguu yako.