Treni Iliyokwisha Kuondoka: Folati, Dawa na Siku 28 za Kwanza (Sehemu ya Pili)

Kamina, nchini Kongo, ni mji uliokuzwa na reli. Mwaka 1928 njia ya kampuni ya BCK kutoka Katanga ya kusini ilifika Ilebo, kwenye mto Kasai, ikipitia hapa. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la Kabalo, na mji ukaunganishwa na Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Mji wa namna hiyo hufundisha watu wake subira. Treni husemwa itaingia Jumanne, na abiria hufunga mizigo akijua kwamba Jumanne ni jina tu. Mikeka hutandikwa kituoni, bukari hupikwa papo hapo, watoto hulala juu ya magunia. Hakuna anayelia kwamba amechelewa, maana mchelewaji ni treni yenyewe.

Mimba haina desturi hiyo.

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza mgongo wazi ni kitu gani na huonekanaje mtoto anapozaliwa. Leo swali ni lini kasoro hiyo hutokea, na dawa zinaingiaje. Jibu la swali la kwanza huamua karibu kila kitu katika la pili.

Mwanamke ambaye hedhi yake huja kila baada ya siku 28 hushika mimba katikati ya mzunguko. Kufikia juma la tatu baada ya hapo, kiinitete ni kibapa kama jani dogo. Katikati yake hutokea mfuo, kingo mbili huinuka huku na huku, hukutana juu na kushikana, kama jani la mgomba linavyokunjwa kufunga samaki. Kushikana huanzia karibu na shingo na kwenda pande zote mbili. Upande wa kichwa hufungika siku ya 25 hivi, upande wa chini siku ya 27 au 28. Huo ndio mrija wa neva: juu yake utakuwa ubongo, chini utakuwa ugwe wa mgongo. Kiumbe chote wakati huo ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kingo za juu zisipokutana, mtoto huzaliwa bila sehemu kubwa ya ubongo na fuvu, na haishi. Za chini zisipokutana ni mgongo wazi, pamoja na miguu iliyopooza, mkojo usiozuilika, na mara nyingi maji yanayojaa kichwani.

Sasa tuhesabu. Mwanamke huyo hukosa hedhi siku ya 14 hivi tangu kushika mimba, na zimebaki siku 14 nyingine. Juma la kwanza hudhani ni malaria, au safari, au fadhaa ya msiba. Juma la pili hushuku lakini hasemi, maana mimba changa haitangazwi. Anapokuja kumnong'oneza dada yake, mrija umekwisha kufungwa, au umekwisha kubaki wazi.

Wanawake wengi nchini Kongo hufika CPN, kliniki ya wajawazito, kwa mara ya kwanza mimba ikiwa imepita mwezi wa nne. Hupimwa uzito, hupapaswa tumbo, hupewa vidonge vya chuma na folati. Kipimo cha kawaida ni miligramu 60 za chuma na 0.4 za asidi ya foliki. Vidonge hivyo havina ubaya wowote. Huongeza damu, na upungufu wa damu huua akina mama. Lakini kwa mgongo wa mtoto ni tiketi iliyonunuliwa baada ya treni kwenda zake, na mama ana haki ya kuelezwa hivyo.

Ndiyo maana lawama nazo hazina pa kusimama. Mtoto akizaliwa hivyo, wengine hutaja bulozi, yaani uchawi, wengine humtazama mama kana kwamba alikula au alibeba kitu asichopaswa mwezi wa saba. Mwezi wa saba haukuwa na neno lolote katika shauri hilo.

Ushahidi kwamba folati huzuia kasoro hii ni wa zamani kidogo. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa mwaka 1941 wanasayansi wa Texas waliitoa asidi ya foliki katika mboga ya spinachi. Seli inayogawanyika haraka huihitaji ili kunakili vinasaba vyake, na hakuna seli zinazogawanyika kwa kasi kama za kiinitete. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lililohusisha wanawake 1,817 katika hospitali 33 za nchi 7, ambao wote waliwahi kubeba mimba yenye kasoro hii. Waliopewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia kabla ya kushika mimba, walipata kasoro hizo kwa asilimia 72 pungufu. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake. Kuendelea kuwanyima wenzao kungekuwa dhuluma.

Msomaji wa Kamina atasema: kama ni majani, sisi je? Sombe ipo mezani karibu kila siku, lengalenga nayo, matembele nayo. Ni kweli, lakini folati huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto, na sombe ni mboga isiyosamehe haraka: hutwangwa, huchemshwa muda mrefu, maana majani ya muhogo yana sumu ya sianidi na lazima itoke. Jiko linalomwokoa mlaji na sumu humpunguzia folati. Maharage na karanga husaidia zaidi ya watu wanavyodhani.

Nchi nyingi zimeamua kutia asidi ya foliki kwenye unga. Marekani ililazimisha hivyo mwaka 1998, Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 2011, na Mei 2023 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuhimiza jambo hilo hasa kwa ajili ya mgongo wazi. Ni hatua njema, ila hufuata njia ya unga wa viwandani. Mahindi ya Kaniama au ya shamba la nyuma ya nyumba hupelekwa kwenye mashine ya mtaani, hutoka unga, na jioni ni bukari. Hakuna mahali katika safari hiyo fupi ambapo mtu wa serikali angesimama na kijiko cha folati.

Mahindi hayo yana jambo lingine. Aprili 1991, katika mji wa Brownsville, Texas, mpakani mwa Meksiko, watoto watatu wasio na ubongo kamili walizaliwa katika hospitali moja ndani ya saa 36. Kwanza vilishukiwa viwanda vya ng'ambo ya mto. Baadaye macho yaligeukia chapati za mahindi, chakula cha kila siku cha wenyeji, na sumu iitwayo fumonisini inayotengenezwa na ukungu wa Fusarium. Katika panya, sumu hiyo huzuia folati kuingia kwenye seli. Brownsville haijafunga kesi hiyo moja kwa moja, lakini kwa mkoa unaokula mahindi asubuhi na jioni, gunia lililonyeshewa mvua na kuota ukungu si la kuchekewa.

Tuje kwenye dawa.

Soko lolote la Kongo lina meza ya dawa. Juu ya kitambaa cha plastiki kuna vidonge vilivyokatwa kwenye karatasi zake, viwili viwili, vitatu vitatu, na muuzaji huuliza tu, "Inauma wapi?" Bactrim huwamo karibu daima: ya kikohozi, ya kuhara, ya kidonda. Ndani yake mna trimethoprimu, dawa inayoua bakteria kwa kuinyima folati, na tafiti za Marekani za mwaka 2000 na 2001 zilihusisha dawa za aina hiyo na kasoro za moyo, za midomo na za mrija wa neva zinapotumiwa mwanzoni mwa mimba. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyeandikiwa na daktari ana sababu nzito ya kuendelea nayo. Aliyeinunua mezani kwa sababu ya mafua hana.

Fansidar inafuata mantiki hiyohiyo, ila inamlenga mdudu wa malaria. Hutolewa CPN kuanzia juma la 13, vidonge vitatu kwa mkupuo mbele ya muuguzi, kisha tena kila baada ya mwezi au zaidi. Miezi mitatu ya kwanza haitolewi. Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Asidi ya foliki ya miligramu 0.4 haiisumbui Fansidar. Lakini madukani kuna kidonge cha miligramu 5, zaidi ya mara kumi na mbili, na mama mwenye bidii hukinunua akidhani kingi ni kizuri zaidi. Kipimo hicho humlisha mdudu wa malaria kile ambacho Fansidar inamnyima, na kinga yake hudhoofika. Kidonge kikubwa ni cha mwanamke aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi, kabla ya mimba hadi juma la 12. Kalenda hizo mbili, kwa bahati, hupishana bila kugongana.

Dawa iliyothibitika zaidi kuwa hatari ni valproati ya kifafa. Mwaka 1982 Elisabeth Robert wa Lyon, Ufaransa, aliona mgongo wazi ukijirudia kwa watoto wa mama walioitumia. Leo inajulikana kwamba kati ya kila watoto 100 waliozaliwa na mama hao, mmoja au wawili huwa na mgongo wazi, na karibu kumi huwa na kasoro ya aina fulani. Hata hivyo, mwenye kifafa asiitupe dawa kwa hofu siku moja: degedege lisilokatika linaweza kumuua yeye na mimba. Dawa hubadilishwa na daktari, kabla ya mimba.

Hofu nayo ina madhara yake, kama ilivyoonekana Botswana. Mei 2018 watafiti wa mradi wa Tsepamo nchini humo walitangaza kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa wanatumia dolutegraviri, dawa mpya na bora ya UKIMWI, wanne walikuwa na kasoro ya mrija wa neva. Nchi kadhaa, Kenya ikiwamo, ziliwazuia wanawake wa umri wa kuzaa kuipata. Julai mwaka huo, wanawake 39 wanaoishi na virusi kutoka nchi 18 za Afrika walikutana Kigali wakasema waziwazi: waelezwe hatari, wapewe uzazi wa mpango kwa anayetaka, kisha waachwe wachague. Hesabu ikawapa haki. Watoto walivyoongezeka, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.30 mwaka 2019, na kufikia 2022 kilikuwa 0.11, sawa na kwa wanawake wengine. Wanne kati ya 426 walikuwa kweli. Kilichopotosha ni udogo wa hesabu.

Tahadhari hiyohiyo inafaa karibu na nyumbani. Mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walilinganisha watoto 138 wenye kasoro zinazoonekana na wengine 108 wasio nazo. Baba aliyefanya kazi za madini aliongeza hatari kama mara tano na nusu, ingawa kwa idadi ndogo hivyo makadirio huyumba sana. Familia nyingi za Haut-Lomami, mkoa wa Kamina, zina mtu katika miji ya madini ya Kolwezi au Likasi, na utafiti huo unastahili kurudiwa kwa watoto wengi zaidi.

Sehemu ya tatu itaanzia Mbale, Uganda, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Benjamin Warf alibuni njia ya kutoa maji kichwani mwa mtoto bila kuacha mrija wa plastiki mwilini, na itauliza mtoto aliyezaliwa leo Kamina angefikaje kwenye meza ya upasuaji.