Ndege Shambani Busitema: Kinga Ipi Inalipa?

Kunguru wa huku kwetu Busitema, Uganda, yule mweusi mwenye kifua cheupe, hasubiri mahindi yakomae. Huja alfajiri miche inapochomoza, akaufuata mstari uleule alioupanda mkulima, akang'oa mche, akala punje iliyo chini na kuacha jani limelala juu ya udongo. Karanga huzifukua hata hazijachipua. Baada ya wiki mbili hivi mizizi imeshika, naye hana tena cha kufuata. Mnana na kwelea kwelea huja mwishoni mwa msimu: tangu suke la mtama linapojaa maziwa hadi punje inapokauka, wiki tatu hadi nne. Kinga inayolipiwa nje ya majira hayo mawili ni fedha iliyotupwa.

Kwa kunguru, linganisha mlinzi na utepe. Tuseme kibarua analipwa shilingi 5,000 za Uganda kwa siku. Weka bei ya kijijini kwako. Siku 12 ni shilingi 60,000 kwa ekari. Utepe wa kanda kuukuu za muziki, ukivutwa kati ya vijiti na kusokotwa kidogo, humeta juani na kuvuma upepo ukipita. Ekari ya mraba ina upande wa mita 64 hivi. Ukipitisha mistari 13 iliyoachana mita tano, unahitaji kama mita 830. Kanda ya dakika 60 ina mita zipatazo 90, kwa hiyo kanda kumi zinatosha. Kunguru ana akili na atauzoea, lakini wewe unataka wiki mbili tu. Sanamu la nguo za mitumba huzoeleka upesi zaidi, hasa likisimama palepale kila siku.

Lipo jambo lisilo na bei kabisa: fukia punje sentimita tano, okota zilizomwagika, na upande pamoja na majirani siku zilezile. Shamba lililotangulia peke yake ndilo hulisha kunguru wa kijiji kizima.

Kwenye mtama uamuzi mkubwa hufanyika dukani, wakati wa kununua mbegu. Seredo na Serena, aina za kahawia zilizotoka kituo cha utafiti cha Serere, zina tanini inayokwaruza ulimi, na ndege huziacha ikiwa jirani kuna tamu zaidi. Epuripur ni nyeupe, nayo ndiyo iliyotengenezewa bia ya Eagle Lager tangu 2002. Upande wa Kenya mtama wa bia ni Gadam. Soko la nyeupe ni zuri, na ndege wanaipenda vilevile. Chukua mfano: ekari ikitoa kilo 800, na kilo ikiuzwa shilingi 1,000, mlinzi wa siku 28 anakula shilingi 140,000, yaani zaidi ya sehemu moja ya sita ya mauzo. Kama mtama ni wa uji na pombe ya nyumbani, mimi ningepanda wa kahawia bila kusita. Mweupe upandwe na mwenye mnunuzi wa hakika, aliyekwisha kutenga fedha za mlinzi.

Majirani wanne wenye ekari zinazopakana wanaweza kujenga dungu moja katikati na kuajiri walinzi wawili wenye kombeo na debe. Kila mmoja atalipa shilingi 70,000 badala ya 140,000. Wengi hukwepa gharama hiyo kwa kumtuma mtoto aamie ndege tangu mapambazuko. Mtama wa masika hukomaa shule zikiwa zimefunguliwa. Mtoto huyo anapoteza mwezi mzima wa masomo, na hasara hiyo haiingii kwenye daftari la mtu yeyote. Naikataa njia hii hata kama ndiyo ya bei nafuu.

Neti kwa ekari nzima ni mita za mraba 4,047 za kufunika, pamoja na nguzo. Kwa mtama haitarudisha gharama. Iweke kwenye kitalu cha mpunga au mboga, na uikague kila siku, maana ndege hunasa.

Halafu kuna sumu, ambayo kwa bei ya dukani huonekana nafuu. Bunyala, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, ndege walitegwa kwa kabofurani mashambani mwa mpunga, kisha wakauzwa kama kitoweo. Kampuni iliyoitengeneza sumu hiyo kwa jina la Furadan ilianza kuiondoa sokoni Afrika Mashariki mwaka 2009. Sumu hiyo huua pia kuku, mbwa na mtoto anayeokota asichokijua. Usiinunue, hata kama jirani ameifunga kwenye karatasi na kukuuzia nusu bei.

Kwelea kwelea wanaokuja kama wingu ni habari nyingine. Mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Milioni mbili humaliza tani 20. Januari 2023 serikali ya Kenya iliwanyunyizia fenthioni kwenye mashamba ya mpunga ya Kisumu, na dawa hiyo huua hata ndege wasio na hatia. Ni kazi ya wataalamu, si ya pampu yako ya mgongoni. Kundi likitua, mpigie afisa kilimo siku hiyohiyo na umweleze wanapolala, kwa sababu hunyunyiziwa jioni wakiwa wamerudi malaloni, na kesho huenda wamehama.