Kubadilisha Taa za Gari

Wengi wetu tunawaza taa kali ndiyo taa nzuri. Haiko hivyo.

Ampule H4 ya kawaida iko na wati 60 kwa taa ndefu na 55 kwa taa fupi. Tukitia ya wati 100 kwa volti 12, kila moja inakula zaidi ya ampere 8. Nyuzi za zamani na kiwashio vitashika moto. Kwa hiyo tutie rele: nyuzi nene na fizibu zitoke kwa batri mpaka kwa taa, kiwashio kiamuru rele tu.

Mbele ya kazi, tufungue uzi wa batri. Tusiguse kioo cha ampule na vidole, juu mafuta ya mkono inakiharibu.

Jambo kubwa ni hili: katika Kongo tunapita kuume. Fari ya Japani ao ya Uganda, kwenye wanapita kushoto, inainua mwanga upande wa kushoto, ndani ya macho ya mwenye kuja. Kubadili ampule hakutoshi. Tutafute fari yenyewe ya kuume.

Mwisho, tupime mwanga kwa ukuta: taa fupi ielekee chini kidogo. Shofere aone njia, lakini mwenye kinga asipofuke akaanguka kwa mufereji.