Mass Effect 2: Jinsi ya kurejea na kikosi kizima kutoka misheni ya mwisho

KATIKA michezo mingi ya video, mwenzako akianguka vitani huinuka tena mapigano yanapokwisha. Misheni ya mwisho ya Mass Effect 2 haina huruma hiyo. Anayekufa humo amekufa, na hata ukiendelea na sehemu ya tatu ya hadithi hiyo, iliyotolewa 2012, hutamkuta.

Mchezo huu uliundwa na kampuni ya BioWare ya Canada na kutolewa 2010. Mwaka wa 2021 uliboreshwa na kuuzwa upya pamoja na sehemu nyingine mbili. Mchezaji ni Kamanda Shepard, nahodha wa chombo cha angani kiitwacho Normandy. Viumbe waitwao Collectors wanateka binadamu kutoka sayari za mbali, na ngome yao iko ng'ambo ya lango la Omega 4, ambako hakuna chombo cha watu wengine kilichowahi kurudi. Shepard anaweza kukusanya hadi wenzake 12 kwenda nao.

Wengi hudhani kwamba shabaha nzuri ndiyo itakayowaokoa. La hasha! Misheni hii huamuliwa na maandalizi, kisha na hekima ya kumpa kila mtu kazi anayoiweza.

Kabla ya kuondoka

Kila mwenzako ana jambo linalomsumbua moyoni. Msaidie kulitatua, naye atakuwa mwaminifu kwako. Asiye mwaminifu huwa hatarini karibu kila hatua ya safari. Jihadhari pia na ugomvi kati ya Jack na Miranda, na kati ya Tali na Legion. Ukimpendelea mmoja, unapoteza imani ya mwingine. Shepard aliyejijengea uwezo mkubwa wa ushawishi huweza kuwapatanisha.

Pili, imarisha chombo. Jacob atapendekeza bamba za kukikinga, Garrus mzinga mpya, na Tali ngao ya nishati. Vyote vitatu hugharimu madini unayochimba kwenye sayari. Ni kazi ya kuchosha, lakini kila kifaa unachokikosa kitamuua mwenzako mmoja kabla hata hamjatua.

Tatu, chunga wakati. Maliza shida za wenzako kabla ya kwenda kuchukua kifaa cha utambulisho ndani ya mzoga wa Reaper. Baada ya hapo utabaki na nafasi finyu ya kumwasha Legion na kumsaidia. Punde wafanyakazi wa Normandy watatekwa. Wakishatekwa, wafuate moja kwa moja. Ukifanya misheni nyingine moja hadi tatu, utakuta nusu yao wamekufa. Ukizidisha hapo, atakayebaki ni Daktari Chakwas pekee.

Ndani ya ngome

Hatua ya kwanza huhitaji mtu wa kutambaa ndani ya bomba lenye joto kali ili afungue mlango kutoka upande wa pili. Jacob atajitolea, mkatalie. Kazi hii ni ya Tali, Legion au Kasumi. Kikosi cha pili kiongozwe na Garrus, Miranda au Jacob. Kiongozi asiyefaa hafi yeye hapa. Anayeuawa ni yule fundi wa bombani. Wewe nawe fungua vali njiani bila kuchelewa, kwani joto humwelemea mwenzako kila sekunde.

Hatua ya pili ni kupita katikati ya makundi ya wadudu wabebao watu. Mmoja atawafunika wenzake kwa ngao ya nguvu za bayotiki. Miranda atasema kwamba anaweza. Hawezi. Mchague Jack au Samara, au Morinth ikiwa ndiye uliyebaki naye. Ukikosea, aliyeishika ngao atasalimika, na mmoja wa wale uliotembea nao atabebwa na wadudu mbele ya macho yako. Kiongozi wa kikosi cha pili achaguliwe tena kati ya wale wale watatu.

Hapo pia utaulizwa ni nani awasindikize wafanyakazi waliookolewa hadi chomboni. Usipompa mtu kazi hiyo, wote watakufa. Mordin anafaa sana, mradi awe mwaminifu, kwa sababu ni dhaifu katika ulinzi unaofuata, na ulinzi ukishindwa yeye huwa wa kwanza kuuawa.

Hatua ya tatu ndiyo huwaliza wengi. Mchezaji huwachukua wapiganaji wake hodari kwenda kukabili adui wa mwisho na kuwaacha wanyonge wakilinda mlango. Mchezo hupima wastani wa nguvu za wanaobaki, na wastani ukiwa mdogo, walinzi hufa mmoja baada ya mwingine. Waache Grunt, Garrus na Zaeed mlangoni. Nenda na wawili kati ya Tali, Jack na Kasumi, mradi wawe waaminifu.

Mwishowe Shepard hukimbia akirukia chombo kinachoondoka. Anahitaji angalau wenzake wawili wawe hai ili anusurike. Wakipungua hapo, hakuna wa kumvuta ndani, naye hufia huko huko.

Kocha wa soka hampangi mshambulizi langoni kwa kuwa tu ameinua mkono wa kwanza. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Jacob na Miranda hujitolea kwa ujasiri wa kweli, na anayewakubalia kazi wasiyoiweza ndiye atakayesimama baadaye mbele ya majeneza ndani ya Normandy.